Namba ya Padri Mersenne na Namna Tatu za Kujua

Ndugu waseminari, katika masomo ya filozofia twafundishwa kwamba si kila jambo tulisemalo twalijua kwa namna moja. Kuna jambo tunaloshika kwa sababu mtu wa kuaminiwa ametuambia. Kuna jambo ambalo akili imethibitisha kwamba liko hivyo, ingawa hatuoni undani wake. Tena kuna jambo tuliloliona lenyewe pamoja na sehemu zake zote. Wengi wetu huandika maneno hayo katika daftari, huyarudia siku ya mtihani, kisha huyaacha, sababu mifano ya vitabu ni mikavu.

Kusudi tuyaelewe vizuri, tumechagua mfano mmoja wa hesabu. Ni namba moja tu, na watu watatu walioishughulikia: padri mmoja Mfaransa, mwalimu mmoja Mfaransa, na mwalimu mmoja wa Marekani. Aliyejifunza kuzidisha na kugawanya katika shule ya msingi ataweza kutufuata mpaka mwisho, kama akishika kalamu na karatasi. Namba yenyewe ndiyo hii:

147.573.952.589.676.412.927

I. Namba hii yatoka wapi?

Tuseme mtu ana ghala. Siku ya kwanza anatia ndani punje moja ya mahindi. Siku ya pili anatia mbili, ya tatu nne, ya nne nane, na hivyo kila siku anatia mara mbili ya jana. Jioni ya siku ya kwanza ghalani mna punje 1. Jioni ya pili 3. Ya tatu 7. Ya nne 15. Ya tano 31. Tazameni vizuri: kila jioni jumla imepungua kwa moja tu kuliko punje atakazotia kesho. Jioni ya tano ana 31, na kesho atatia 32.

Mtu huyo akiendelea siku 67, yaani miezi miwili na juma moja, jumla ya punje zake itakuwa namba yetu kamili, pasipo kuzidi wala kupungua hata punje moja. Kwa kifupi wanahesabu huiandika 2⁶⁷ − 1, maana yake: andika mbili mara 67, uzidishe zote pamoja, kisha utoe moja.

Ina tarakimu 21. Kusudi mpate kuona ukubwa wake, wagawieni punje hizo watu miliari 8: kila mmoja, hata mtoto mchanga, angepata punje zaidi ya miliari 18. Mwanzo ulikuwa punje moja.

II. Aina za namba

Wanahesabu hupanga namba kwa aina, kama vile mwenye kujua mimea apangavyo majani. Swali lao la kwanza ni hili: je, namba hii yagawanyika pasipo kubakiza kitu? Namba 15 yagawanyika kwa 3 na kwa 5. Namba 7 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba za namna ya 7 zaitwa namba tasa. Ninyi mliosoma hesabu kwa Kifaransa mwazijua kwa jina la nombres premiers. Kila namba nyingine hujengwa kwa kuzidisha namba tasa, tena kwa njia moja tu. Ndiyo sababu watu wamezitafuta tangu zamani: ni kama matofali ya nyumba yote ya hesabu.

Swali la pili lahusu jumla ya vigawanyo. Chukueni 6. Vigawanyo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe ni 1, 2 na 3. Mkivijumlisha mtapata 6 tena. Namba ya namna hiyo yaitwa timilifu. Vigawanyo vya 8 ni 1, 2 na 4, jumla 7: namba 8 ni pungufu. Vigawanyo vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16: namba 12 ni yenye kuzidi. Mpango huo wa aina tatu tunao tangu Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika kwa Kigiriki karibu mwaka wa 100 baada ya Kristu.

Namba timilifu ni haba sana. Baada ya 6 yaja 28, kisha 496, kisha 8.128, na ifuatayo yapita milioni thelathini na tatu. Mababa wa Kanisa nao walizijua. Mtakatifu Agostino, akieleza siku sita za kuumba dunia, alifundisha kwamba 6 si timilifu kwa sababu Mungu aliumba kwa siku sita. Ingekuwa timilifu hata kama kazi ile isingalikuwapo. Fikirini neno hilo: ukweli wa namba haungojei tukio lolote wala mtu yeyote.

Basi, ghala letu la mahindi lina udugu gani na namba timilifu? Mgiriki Euclide alithibitisha zamani, kabla ya Kristu: kama jioni moja jumla ya punje ni namba tasa, mkiizidisha na punje zilizotiwa siku ileile, mtapata namba timilifu. Jioni ya pili jumla ni 3, ni tasa, na siku hiyo zilitiwa 2: mara mbili tatu ni 6. Jioni ya tatu jumla ni 7, zilitiwa 4: nne mara saba ni 28. Jioni ya tano, 31 mara 16 ni 496. Hivyo kutafuta namba timilifu ni kuuliza: ni jioni zipi zenye jumla tasa?

Jambo moja laonekana upesi. Kama idadi ya siku yagawanyika, jumla nayo yagawanyika. Siku 4 zatoa 15. Siku 6 zatoa 63. Siku 9 zatoa 511, ambayo ni 7 mara 73. Kwa hiyo inabaki kuchunguza siku zilizo tasa tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea. Lakini mtu asiseme haraka kwamba siku tasa hutoa jumla tasa siku zote. Siku 11 zatoa 2.047, na hiyo ni 23 mara 89. Jambo hilo lilichapishwa katika mwaka wa 1536 na Hudalricus Regius, na liliwaonya wenye haraka.

Siku 67 nazo ni tasa. Je, jumla yake ni tasa?

III. Namna ya kwanza: neno la mtu wa kuaminiwa

Marin Mersenne alizaliwa katika mwaka wa 1588 katika jimbo la Maine, Ufaransa. Alisoma kwa Wayezuiti wa La Flèche, kisha katika mwaka wa 1611 akaingia shirika la Waminimi, lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola. Tangu 1619 mpaka kufa kwake katika mwaka wa 1648 aliishi katika konventi ya Paris. Kutoka chumba chake alikuwa akiandikiana barua na wenye elimu wa Ulaya nzima: Descartes, Fermat, Galileo, Torricelli na wengine wengi. Wakati ule hapakuwa na majarida ya elimu. Barua za Padri Mersenne zilifanya kazi hiyo. Aliyetaka kueneza habari mpya alimwandikia yeye.

Katika mwaka wa 1644 alitoa kitabu cha Kilatini, Cogitata physico-mathematica. Mle aliandika kwamba, kutoka siku 2 mpaka siku 257, jumla zilizo tasa ni za siku hizi tu: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakueleza amezipataje. Tazameni: 67 imo. Basi kwa neno la Mersenne namba yetu ni tasa, na kwa sheria ya Euclide yatoa namba timilifu kubwa ya ajabu.

Je, wasomaji wake wangeweza kuhakikisha? Kwa njia ya kawaida, hapana. Ili kujua kama namba yetu ni tasa kwa kuigawanya tu, ingefaa kujaribu vigawanyo mpaka miliari 12 na zaidi. Tukiacha vile vinavyogawanyika kwa mbili, vinabaki miliari 6. Mtu anayejaribu kimoja kila sekunde, mchana na usiku, pasipo kula wala kulala, angemaliza baada ya miaka karibu 190. Mersenne mwenyewe alijua jambo hilo. Katika kitabu kilekile alikiri kwamba, kwa namba yenye tarakimu 15 au 20, wakati wote hautoshi kwa kuijaribu.

Hapa tusimame kidogo. Mwenye kutoa orodha alitoa na onyo. Lakini waliokuja nyuma yake walichukua orodha, wakaliacha onyo. Wakainakili kitabu kwa kitabu, na namba za ghala letu zikapewa jina lake: mpaka leo zaitwa namba za Mersenne. Kwa miaka 232 mtu aliyesema kwamba 2⁶⁷ − 1 ni tasa hakuwa na sababu nyingine ila hii: Padri Mersenne alisema.

IV. Namna ya pili: kujua kwamba liko hivyo

Édouard Lucas alizaliwa Amiens katika mwaka wa 1842, akawa mwalimu wa hesabu katika lycée za Paris. Katika mwaka wa 1876 aligundua njia ya kuhukumu namba za Mersenne pasipo kutafuta vigawanyo vyake. Mwamerika D. H. Lehmer aliinyoosha katika mwaka wa 1930, nasi tutaieleza kwa namna ya Lehmer, sababu ndiyo nyepesi kupita zote.

Anza na 4. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoichunguza, ushike baki tu. Baki hilo ulizidishe tena lenyewe kwa lenyewe, utoe 2, ugawanye, ushike baki. Fanya hivyo mara nyingi kama idadi ya siku ukitoa mbili. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa.

Tujaribu 31, namba ya siku 5: tutafanya mara tatu. Nne mara nne ni 16, toa 2, ni 14. Kumi na nne mara yenyewe ni 196, toa 2, ni 194. Gawanya kwa 31, baki 8. Nane mara nane ni 64, toa 2, ni 62. Gawanya kwa 31, baki sifuri. Basi 31 ni tasa. Hilo twalijua tangu zamani, lakini sasa twaona kwamba njia yasema kweli.

Tujaribu 2.047, namba ya siku 11: tutafanya mara tisa. Mabaki yanafuatana hivi: 14, 194, 788, 701, 119, 1.877, 240, 282, na la mwisho 1.736. Si sifuri. Basi 2.047 si tasa. Lakini angalieni jambo la ajabu: katika kazi hiyo yote 23 na 89 hazikuonekana popote. Njia imetuambia kwamba mlango upo, haikutuambia uko upande gani.

Kwa siku 67 kazi hiyo hufanywa mara 65, na namba za kuzidisha zaweza kufika tarakimu 21. Ni kazi ya subira, lakini si kazi ya miaka 190. Katika mwaka wa 1876 Lucas alitangaza hukumu: 2⁶⁷ − 1 si tasa. Padri Mersenne alikosea. Mwaka uleule alithibitisha vilevile kwamba jumla ya siku 127, yenye tarakimu 39, ni tasa kweli. Hapo Mersenne alisema sawa.

Lakini mtu aliyemwuliza Lucas, “Yagawanyika kwa nini?”, hakupata jibu. Kwa muda wa miaka 27 wenye hesabu walijua pasipo shaka yoyote kwamba namba hii yagawanyika, na hakuna mtu duniani aliyejua hata kigawanyo chake kimoja.

V. Namna ya tatu: kuona sehemu zenyewe

Frank Nelson Cole alikuwa mwalimu katika Columbia University, New York, na mwandishi wa Shirika la Hesabu la Marekani. Yeye alikwenda kutafuta vigawanyo. Hakwenda gizani kabisa, kwani ilijulikana kwamba kila kigawanyo tasa cha namba yetu sharti kizidi kwa moja zao la 134, yaani mara mbili ya 67. Tazameni katika ndugu yake mdogo 2.047: mara mbili 11 ni 22, kigawanyo 23 ni 22 na moja, kigawanyo 89 ni mara nne 22 na moja. Sheria nyingine huondoa nusu ya wale waliobaki. Hata hivyo, mpaka kufika kigawanyo cha kweli, walibaki wa kujaribu 722.790. Cole alipunguza kazi tena kwa kuchunguza mabaki ya namba za mraba.

Tarehe 31 Oktoba 1903 alisimama mbele ya mkutano wa shirika lake huko New York. E. T. Bell, aliyeandika habari za wanahesabu, alisimulia baadaye kwamba Cole hakusema neno. Alikwenda kwenye ubao, akahesabu 2⁶⁷ kwa chaki, akatoa moja. Kisha akaenda upande wa ubao uliobaki mtupu, akaandika namba mbili, akazizidisha kwa mkono, mstari kwa mstari:

193.707.721 × 761.838.257.287

Majibu ya pande mbili yalikuwa mamoja. Watu wakapiga makofi. Cole akarudi kuketi, na hapana aliyeuliza swali. Bell asimulia tena kwamba alipomwuliza Cole kazi ilichukua muda gani, alijibiwa: Jumapili za miaka mitatu. Wateolojia wa maadili wasikasirike: kazi za akili hazikuhesabiwa kamwe kati ya kazi za utumwa zinazokatazwa siku ya Bwana.

Msitusadiki sisi, ndugu. Hakikisheni. Kwanza kwa njia ya tisa mliyoijua shuleni. Jumlisheni tarakimu za kigawanyo cha kwanza: 37, kisha 10, kisha 1. Za cha pili: 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja. Jumlisheni tarakimu za namba yetu kubwa: 109, kisha 10, kisha 1. Zapatana. Lakini msishangilie mapema. Njia ya tisa yaweza kukamata kosa, haiwezi kuthibitisha kwamba hakuna kosa; mtu akibadilishana nafasi za tarakimu mbili, tisa haitaona kitu. Basi chukueni karatasi pana, mzidishe kabisa. Ni mistari minane ya kuandika, kisha kujumlisha. Kazi aliyoitafuta Cole kwa Jumapili za miaka mitatu, mseminari mwangalifu ataihakikisha kwa muda mfupi kati ya somo na sala ya jioni.

VI. Kitambulisho cha namba yetu

Sasa twaweza kuiandikia kitambulisho chake. Haigawanyiki kwa mbili. Si tasa: ni zao la namba tasa mbili zilizo mbalimbali, na hakuna nyingine. Kwa hiyo ina vigawanyo vinne tu: moja, zile mbili za Cole, na yenyewe. Ni pungufu sana, kwani vigawanyo vyake vidogo, vikijumlishwa, vyatoa 762.031.965.009 tu, kiasi kisichofika sehemu moja katika milioni mia moja ya namba yenyewe. Ile namba timilifu ambayo watu waliingojea kwake, 2⁶⁶ × (2⁶⁷ − 1), si timilifu: ni yenye kuzidi. Nayo ni namba ya Mersenne kwa ukoo, ingawa haimo kati ya namba tasa za Mersenne. Katika maandiko ya mashini za kuhesabu, zisizojua ila 1 na 0, yaandikwa kwa moja 67 zilizopangwa mstari mmoja.

Na orodha ya Padri Mersenne? Uchunguzi wake wote mpaka 257 ulikamilika katika mwaka wa 1947. Makosa yalionekana matano: 67 na 257 zilitiwa pasipo haki, na 61, 89 na 107 ziliachwa. Wengine wamedhani kwamba 67 ni kosa la mwenye kupiga chapa mahali pa 61. Kosa la 61 lilisahihishwa katika mwaka wa 1883 na padri mwingine, Ivan Pervushin, wa Kanisa la Kiorthodoxi la Urusi. Yeye hakusema tu kwamba ni tasa, alihesabu.

Leo mashini hugawanya namba yetu katika muda wa kupepesa jicho. Katika mwaka wa 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne ya 52 kujulikana, ile ya siku 136.279.841, ina tarakimu 41.024.320, na njia ya Lucas na Lehmer ilitumika kwa kuihakikisha. Vilevile tofauti tuliyoiona, kwamba kuzidisha ni kazi ndogo na kutafuta vigawanyo ni kazi kubwa, imekuwa kufuli. Tangu kazi ya Rivest, Shamir na Adleman ya mwaka wa 1977, siri nyingi zinazopita katika mashini zimefungwa kwa namba zilizozaliwa na namba tasa mbili kubwa. Ajuaye zile mbili ana ufunguo.

VII. Mafundisho kwetu

Kwanza, juu ya neno la mtu. Imani yetu imesimama juu ya neno la Mungu, asiyeweza kudanganyika wala kudanganya. Hapo kusadiki si udhaifu, ni hekima. Lakini Mtakatifu Tomasi wa Akwino, mwanzoni mwa Summa yake (I, q. 1, a. 8), afundisha kwamba hoja inayotegemea neno la mtu tu ndiyo hoja dhaifu kupita zote. Mersenne alikuwa mtawa mwema na mwenye elimu kubwa, na 67 haikuwa tasa kwa ajili ya wema wake.

Jambo hili latuhusu kupita tunavyofikiri. Wengi wenu mtakuwa mapadri. Mkisema juu ya Ekaristi, Wakristu watawasadiki, nao watafanya vema. Lakini mkisema juu ya dawa ya homa, juu ya bei ya kahawa, juu ya mpaka wa mashamba au hesabu za chama, watawasadiki vilevile, na kwa moyo uleule. Heshima ya kanzu yapita mipaka ya elimu ya mwenye kanzu. Basi mtu asiyechunguza sharti aseme waziwazi: hapa nimesikia tu, hapa nadhani, hapa nimehesabu. Tena alirudie onyo lake mara mbili, kwani tumeona kwamba watu huchukua orodha na kuliacha onyo.

Pili, juu ya kujua kwamba jambo liko. Wako wanaotuambia: kama huwezi kutuonyesha Mungu, hujui kitu juu yake. Tuwapeleke kwa Lucas. Miaka 27 watu walijua kweli, pasipo kuonyeshwa kigawanyo hata kimoja. Vivyo hivyo akili yaweza kutoka katika viumbe mpaka kuthibitisha kwamba Mungu yuko, pasipo kuona Yeye ni nini. Mfano huu una mpaka wake, nasi tusiuvute mno: vigawanyo vya namba vilingoja tu Jumapili za Cole, lakini undani wa Mungu haupatikani kwa jasho la mtu yeyote, twaungojea kama zawadi.

Tatu, juu ya kufundisha. Cole hakuwaambia wenzake, “Nisadikini.” Aliweka mbele yao kitu ambacho kila mmoja aliweza kukihakikisha kwa mkono wake. Mwalimu wa kweli humpa mwanafunzi nafasi ya kutomtegemea tena katika jambo lile alilomfundisha. Na mwanafunzi wa kweli huipokea nafasi hiyo, hata ikidai kazi.

Kwa hiyo twamaliza kwa kazi. Jumla ya siku 23 ni 8.388.607. Idadi ya siku ni tasa. Je, jumla ni tasa? Kumbukeni kwamba kila kigawanyo tasa sharti kizidi kwa moja zao la 46. Anzeni na kile kilicho kidogo kupita vyote. Kazi haitakuwa ndefu. Asiyejaribu asituambie kwamba amejua. Aseme tu kwamba amesadiki.